Shukrani na Matumizi

Msomaji, ukipata nafasi ya kusimama Manyatta, katika nchi ya Embu, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kenya, inua macho utazame. Juu utaona msitu. Chini ya msitu, mashamba ya chai. Na chini ya chai, mibuni. Katikati yake hupita mito iletayo maji kutoka mlimani, na Rupingazi ni mmojawapo. Hapana mkulima wa huko aliyeuchimba mto huo, wala aliyeuotesha msitu huo. Wote walizaliwa wakavikuta. Basi lazuka swali: kitu tulichokipata bila ya jasho letu, je, ni mali yetu tu, au ni deni pia juu yetu?

Watu wengi hudhani kuwa shukrani ni neno. Mtoto hufundishwa kusema ahsante, na akisahau hukumbushwa. Neno hilo ni jema, lakini lina upungufu mmoja: laweza kusemwa na mtu yule yule anayekiharibu alichopewa. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa mvua siku ya Jumapili, na Jumatatu akalima hadi ukingoni mwa mto, udongo ukaporomoka na kuyachafua maji ya jirani aliye bondeni. Je, huyu ameshukuru?

Ili tulipime swali hili, twende pamoja hadi mlima mwingine. Magharibi ya Manyatta, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, karibu na mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, wanaishi Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Dini yao ilianza mwaka 1919, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipoamua kuifuata Torati pamoja na wafuasi wake. Katika utawala wa Idi Amin ibada yao ilikatazwa, na idadi yao ikapungua sana. Lakini waliosalia waliishika. Wengi wao ni wakulima, na kahawa ya nchi yao ni Arabika, kama ile ya Manyatta. Mwaka 2004 waliungana na jirani zao Wakristo na Waislamu, wakaunda chama cha ushirika kiitwacho Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ili wauze kahawa yao kwa bei ya haki.

Dini ya watu hawa humfundisha mtu kubariki kabla ya kula: kuna baraka ya tunda la mti, na baraka nyingine ya tunda la ardhi. Walimu wao wa kale walimfananisha na mwizi mtu afaidiye dunia bila ya kutoa baraka. Lakini fundisho halikuishia mdomoni. Torati iliwaagiza Waisraeli wasikate miti ya matunda hata wakiuzingira mji wa adui. Wasile tunda la mti mchanga kwa miaka mitatu. Wasivune pembe za shamba, bali wamwachie maskini na mgeni. Na mwaka wa saba waipumzishe ardhi. Kwa njia hiyo baraka ilifungua kinywa, na amri ikauzuia mkono.

Kwa nini mwizi? Kwa sababu mwizi hutumia kitu kana kwamba hakina mwenyewe. Na mfujaji je? Yeye husema maneno hayo hayo kwa vitendo. Hatuwezi kuulipa mlima kwa maji yake. Twaweza tu kuyatumia kama watu wajuao kuwa wapo wengine chini ya mto, na wengine ambao hawajazaliwa.

Huenda ukanipinga, msomaji, ukauliza: mama akataye mti ili awapikie watoto wenye njaa, naye hana shukrani? Hasha! Siwezi kumhukumu. Umaskini waweza kumwachia mtu njia moja tu, nayo mbaya. Lakini kumbuka pembe za shamba: amri iliwekwa juu ya mwenye mavuno, si juu ya mwenye njaa. Na mkulima apataye bei ya haki aweza kungoja mti ukue. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulipokaguliwa kutoka angani, uharibifu mkubwa ulionekana, na mwaka 2000 ukawekwa chini ya hifadhi ya taifa. Miti mikubwa ya thamani iliyotolewa humo haikuwa kuni za chungu cha maskini. Ilikuwa mbao za kuuzwa. Mwenye uwezo wa kuchagua ndiye mwenye deni kubwa zaidi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashamba ya Manyatta hugawanywa kila kizazi, na fungu la mjukuu huwa dogo kuliko la babu. Udongo ukipotea, hapana mwingine wa kuurithi. Kwa hiyo unapoteka maji, acha ukingo wa mto na nyasi zake. Unapokata mti, uwe umekwisha kupanda mwingine. Unapovuna, mkumbuke asiye na shamba. Kisha useme ahsante, na neno lako litakuwa na shahidi.