Baada ya Nira Kuvunjika

Asimamaye Kasumulu, wilayani Kyela, huiona Malawi ng'ambo ya mto Songwe. Huku na huko ni ndugu: Wanyakyusa na Wangonde huoana na kuzikana. Basi yaliyowapata jirani zetu yatufunze kama ya nyumbani.

Mwaka 1953 Waingereza waliifunga nchi ile, wakati huo ikiitwa Nyasaland, katika Shirikisho pamoja na Rhodesia mbili, bila ridhaa ya Waafrika. Katika uchaguzi wa Agosti 1961 wapiga kura walikipa ushindi mkubwa chama cha Dakta Hastings Kamuzu Banda, kilichotaka nchi ijitoe. Shirikisho likavunjika mwisho wa 1963. Uhuru ukaja tarehe 6 Julai 1964.

Furaha haikutimiza miezi mitatu. Mawaziri walilalamika kwamba mkuu wao hawasikilizi. Septemba ile baadhi yao waliachishwa kazi, wengine wakajiuzulu. Kanyama Chiume na Yatuta Chisiza walikimbilia Tanzania. Orton Chirwa alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Banda na Chisiza walikuwa wamefungwa pamoja Gwelo kwa ajili ya kupinga Shirikisho. Walioweza kushiriki kifungo hawakuweza kushiriki baraza.

Adui mmoja huwaunganisha watu, lakini kwa muda tu. Makabila kumi ya Israeli yalikuwa na sababu ya kuikataa nira ya Rehoboamu. Hata hivyo Yeroboamu waliyemtawaza, kwa hofu ya kupoteza enzi, aliwasimamishia ndama wa dhahabu. Mtawala aogopaye kupingwa hutaka mwishowe kuabudiwa.

Dawa yake ni ukweli usemwao kwa upendo. Katika Kwaresima ya 1992 Maaskofu wa Malawi walitoa waraka wakitetea haki ya watu kusema bila hofu. Juni 1993 wananchi wakapiga kura kuchagua vyama vingi.

Nasi je, majumbani mwetu? Mara ngapi ndugu huungana kumshinda mdai wa shamba la mpunga, na kesi ikiisha hugombania mpaka wao kwa wao! Baba wa familia, leo jioni mwulize mkeo au mwanao neno ambalo ameogopa kukuambia, nawe umsikilize hadi mwisho.

Mungu atujalie, tukiisha kuvunja nira ya mwingine, tusimfungie ndugu yetu nira mpya.