Paa la Jirani ni Deni la Nani?

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aghalabu twaifundisha methali hii kama onyo kwa mvivu, wala hatumwulizi mwanafunzi swali linalofuata: ikiwa mwenye ufa ni ajuza asiye na nguvu wala mtoto wa kumtuma, ni nani apaswaye kuuziba? Je, ni jirani kwa mikono yake, au ni serikali ya mahali kwa fedha ya umma? Swali hili si la hesabu peke yake, bali ni la uadilifu, na nchi ya Rwanda yatupa mfano wa kulipimia.

Katika Kinyarwanda, umuganda kwa asili ni mti wa kujengea nyumba. Kutoka hapo neno likawa jina la kazi ya watu waliokusanyika kumsaidia mwenzao. Mwaka 1974 serikali iliutwaa umuganda na kuufanya kazi ya taifa. Baadaye sheria ya mwaka 2007 iliuweka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi, kwa muda usiopungua saa tatu, na kumwajibisha kila Mnyarwanda anayejiweza mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Asiyefika bila udhuru aweza kutozwa faini. Siku hiyo watu huchimba mitaro, hutengeneza barabara, hukanda udongo na kumsimamishia maskini ukuta.

Lakini mikono mitupu haizai bati. Mabati, misumari na saruji vyataka fedha, na fedha hiyo hupitia bajeti za wilaya, ambazo kwa sehemu kubwa hutegemea hazina kuu. Aidha, mpango wa VUP ulioanza mwaka 2008 umewalipa ujira maskini wenye nguvu wanaofanya kazi za umma, na kuwapa ruzuku wale wasioweza kufanya kazi. Basi yamkini mtu yule yule, kwa jembe lile lile, akachimba mtaro bure Jumamosi, na Jumatatu akachimba mwingine kwa ujira. Je, tuseme kwamba kazi ya Jumamosi ni wema na ile ya Jumatatu ni biashara tu?

Wako wasemao kwamba fedha ya umma huua ujirani: mtu akishajua kuwa wilaya italipa, humpita mwenziwe anayenyeshewa na asishtuke. Hoja hii ina ukweli, ila yasahau kwamba jirani wa maskini mara nyingi ni maskini pia. Kumtaka kibarua aache pato la asubuhi nzima, hali mwenye mali akaaye mbali hatoi kitu, ni kuwatwisha wanyonge mzigo wa wanyonge. Kodi humfikia yule wa mbali na kumfanya awe jirani, apende asipende.

Wako na wengine wanaosema kwamba wema wa kushurutishwa si wema, maana kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawa nao wasikilizwe. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wachochezi waliyaita mauaji "kazi", na mazoea ya kukusanya watu kwa shughuli za pamoja yalitumiwa kuwakusanya wauaji. Kwa hiyo, kutenda jambo kwa umoja hakulifanyi liwe jema. Thamani ya kazi ya pamoja hupimwa kwa lengo lake, na kwa hali ya yule anayetendewa.

Na huyu anayetendewa ndiye tumsahauye sana. Twabishana kama mtoaji awe nani, wala hatumwulizi mpokeaji. Katika kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, iliyopamba moto mwaka 2011, familia nyingi zilipata mabati. Hata hivyo, palikuwa na malalamiko kwamba baadhi, zikiwamo za Batwa, zilibomolewa nyumba kabla ya mpya kuwa tayari. Vivyo hivyo, katika utaratibu wa ubudehe, kwa miaka mingi wanakijiji walishiriki hadharani kuzipanga kaya katika madaraja ya umaskini. Uwazi huo ulikusudiwa kuzuia upendeleo, maana jirani ajua ya jirani. Lakini si jambo jepesi mzee wa watu kutajwa kuwa fukara mbele ya wajukuu zake.

Kwa maoni yangu, fedha ni deni la haki na mikono ni deni la ujirani, na deni moja halilipi jingine. Wilaya ikileta bati pasipo jirani, litakapoanza kuvuja hatakuwapo wa kujua. Jirani akija pasipo wilaya, ukuta utasimama bila paa. Na wote wawili wakija pasipo kumwuliza mwenye nyumba atakaye mlango uelekee wapi, watakuwa wameitengeneza nyumba na kumvunjia heshima mwenyewe.

Walimu wenzangu, swali hili lafaa sana kwa mdahalo wa wanafunzi wa madarasa ya juu. Wagawanywe makundi matatu badala ya mawili: moja liseme kwa niaba ya wilaya, moja kwa niaba ya majirani, na la tatu, ambalo lipewe nafasi ya kwanza kusema, liwe la ajuza mwenye ufa.