Kilio cha kazi: mtu akipoteza kazi, anapoteza nini?



Hapa kwetu Lubumbashi, mtu akifiwa hatumwachi peke yake. Iwe Katuba, Kenya, Kamalondo ao Ruashi, viti vinatoka inje, moto unawashwa, wanaume wanakesha uani, wamama wanakaa ndani pamoja na mfiwa. Hata jirani mliyegombana naye jana juu ya maji anakuja na mchango wake, unaandikwa katika kaye. Kilio kina siku zake. Siku ya mwisho wazee wanasema maneno yao, wanapanga mambo ya mjane na watoto, kisha kila mtu anarudi kwake. Mfiwa anajua: nimelia, watu wameniona nikilia, sasa ninapaswa kuishi.

Lakini mtu akipoteza kazi je? Hakuna kiti kinachotoka inje. Watu wanapunguza sauti akipita. Tunamkumbuka mzee mmoja wa kambi yetu, kazi yake ilikwisha, lakini kila asubuhi saa kumi na moja aliamka kama zamani, akavaa, akabeba mfuko wake, akaenda kuzunguka mjini bure mpaka magaribi. Mke wake alijua, watoto walijua, majirani walijua. Yeye tu njo alifikiri watu hawajui. Sisi vijana tulimsalimia: "Munatoka ku kazi, papa?" Naye anajibu: "Njo vile, mwanangu." Tulifikiri tunamheshimu. Leo tunajiuliza: ile ilikuwa heshima, ao tulimwacha alie peke yake?

Swali hili si dogo katika mji huu. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa feza za Banki ya Dunia. Kampuni ile, katika miaka ya 1980, ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na mengine yakafuata. Mwaka wa 2003 haikufika hata tani 20 000. Mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Basi, hiari ya mtu asiyelipwa ni hiari gani? Wengi walitia sahihi kwa sababu nyumbani hamkuwa unga.

Kwa nini maumivu yale yalikuwa makali vile? Wazee wetu walisema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Halikuwa neno la bure. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae pamoja na mke na watoto. Ikatoa nyumba, posho ya unga, masomo na hospitali. Baada ya kampuni kuwa mali ya taifa mwaka wa 1967, mambo yakaendelea hivyo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka wa 2001, aliita familia hizi Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Kumbe aliyepoteza kazi hakupoteza mshahara tu. Alibaki yatima na umri wa miaka hamsini. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa baba kwa sababu ya kazi, alijiuliza kama angali baba.

Tuangalie hata neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha hapa, mama anayelima, anayeuza makala, anayepika bukari ya watu kumi, tunaweza kusema juu yake: "Hana kazi." Kazi ni ile yenye mshahara na bwana mkubwa. Neno hili linatudanganya. Wakati mishahara ilipokauka, wamama hawa "wasio na kazi" njo waliolisha nyumba: waliuza unga, mafuta, samaki wa kukausha, sombe. Wanaume wengi waliona haya badala ya kushukuru. Tunafikiri haya ile ilikuwa kosa, lakini haikuwa kosa la mtu mmoja, tulifundishwa wote.

Mababu zetu wa Katanga walijua shaba kabla ya kampuni yote. Waliitwa wala shaba. Baada ya mavuno ya mtama, mvua ikiisha, waliingia katika kazi ya mugodi: walichimba, walijenga matanuru, waliyeyusha, walifanya misalaba ya shaba iliyotembea mbali sana. Mvua ikikaribia, kazi ile ilisimama, watu wakarudi mashambani. Ilikuwa na majira yake, na mwisho wake haukuwa aibu kwa mtu. Muyeyushaji alikuwa pia mkulima, mume, mjomba, mtu wa ukoo fulani. Ndio maana Waswahili wanasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini tusiwe wepesi kusifu zamani. Mhunzi wa zamani alikuwa na shamba la kurudia. Mtu wa kambi alirudi wapi? Kijiji cha babu yake alikijua kwa jina tu. Kumwambia "Anza upya, ndugu" bila kumwonyesha udongo wa kuanzia, ni kumcheka.

Kuna fundisho lingine lililozaliwa kati ya wafanyakazi wenyewe. Kuanzia mwaka wa 1953, kule Ruwe karibu na Kolwezi, wachimbaji na wake zao pamoja na padri Placide Tempels walianzisha Jamaa. Walijiuliza mtu ni nini, wakajibu kwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hata asiye wa kanisa lile anaweza kuona jambo: watu walioishi kwa mshahara wa kampuni, walipotaja kinachomfanya mtu kuwa mtu, hawakutaja kazi. Kwa hiyo aliyeondolewa kazini hajaondolewa katika utu. Uzima angali nao. Uzazi, yaani kulea na kukomaza wengine, angali nao. Mapendo, kama sisi hatukumnyima, angali nayo.

Tunaona njia mbili mbaya. Ya kwanza ni kutafuta mchawi: kusema mke ana mkosi, mtoto ana ndoki, shangazi wa kijijini alifunga njia. Bei ya shaba na deni la serikali havikutoka chini ya mto wa mtoto. Ya pili ni kusema "Mapenzi ya Mungu, usahau" siku ileile. Aliyezulumiwa ana haki ya kusema amezulumiwa. Wale walioondoka mwaka wa 2003 walipojipanga katika kolektifu na kudai haki zao, hawakuwa watu walioshindwa kuvumilia. Kuvumilia si kunyamaza. Ila mtu anaweza kudai asubuhi, na muchana akalima. Akingoja kulipwa ndipo aishi, aliyemzulumu amemla mara mbili.

Basi, tunatoa wazo moja kwa wenye kutunza desturi. Mtu wa lupango lenu akipoteza kazi, mfanye kilio. Msingoje aseme, nendeni mukae naye. Mutoe viti inje mchana kweupe, ili asihitaji kubeba mfuko mtupu kesho asubuhi. Mwacheni ahesabu miaka yake, ataje migodi, mashine, wenzake waliokufa. Mlete mchango kama kawaida, na kaye iandikwe. Mke wake asikae jikoni siku ile, asikilizwe naye. Kisha mzee mmoja asimame amwambie mbele ya wote: "Kazi ilikwisha. Wewe haukukwisha."

Mzee wetu wa kambi hakusikia neno hilo. Sisi tuliokuwa na mdomo wa kumsalimia, tulikuwa na mdomo wa kumwambia.