Kinachobaki Baada ya Rejesho

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanachama mwenzetu katika chama cha akiba na mikopo, alisimamishwa mbele ya mkutano mkuu mwaka huu aeleze kwa nini ameonekana harusini amevaa sare. Hakuwa amechelewesha rejesho hata mwezi mmoja. Madeni yake matatu yalishaunganishwa kuwa moja, na yeye na chama walikubaliana kwa maandishi: shilingi 180,000 kila mwezi kwa miezi 36, zikatwe kwenye mshahara kabla hajaushika. Sare yenyewe, kitenge na ushonaji wake, ilimgharimu shilingi 35,000. Mjumbe mmoja akanyanyuka: "Ndugu mwenyekiti, hela ya sare anayo, hela yetu hana?" Ukumbi ukapiga makofi. Kikao hakijafungwa, likapita azimio kwamba makato yake yaangaliwe upya na yaongezwe.

Yale makofi yameninyima utulivu tangu siku hiyo. Nataka kujua watu walikuwa wanashangilia kitu gani. Mdaiwa akishalipa alichoahidi, siku aliyoahidi, mdai ana haki gani tena juu ya shilingi iliyobaki mfukoni mwa mwenzake?

Deni ni nini, hapo tusikae. Aliyewahi kuchukua unga dukani kwa Mangi akaandikwa kwenye daftari anajua vya kutosha: unachukua leo, unaahidi kurudisha kesho, na riba ni bei ya kungoja. Wanasheria na wachumi wameongeza mengi juu ya hayo, nami sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kama deni ni kiasi cha fedha au ni hali ya mtu.

Likiwa kiasi, lina ukingo. Linaanza hapa, linaishia pale, na nje ya ukingo huo mtu ni mtu kama wengine. Likiwa hali, linamfuata mwenyewe mpaka kwenye sahani, kwenye kabati la nguo na kwenye kicheko chake, na halimwachi mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Mpango wa marejesho una maana pale tu deni linapohesabiwa kuwa kiasi. Mdai anapotia saini anasema: hiki changu, hicho chako. Akishapokea chake halafu akakifuata na cha mwenzake, aliyevunja makubaliano ni yeye.

Na sheria zetu zinaelekea huko. Kwa mtumishi wa umma Tanzania, makato yote kwa jumla yanatakiwa yaache angalau theluthi moja ya mshahara. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, makato hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili. Wengi husema theluthi ile imewekwa ili mtu asife njaa. Ingekuwa hivyo, ingepimwa kwa bei ya unga na maharage, ikawa kiwango kimoja kwa mhudumu na kwa mkurugenzi. Lakini inapimwa kwa mshahara wa mhusika. Naisoma hivi: sheria inalinda zaidi ya tumbo. Inalinda nafasi ya mtu mahali anapoishi, pamoja na majukumu yanayokwenda na nafasi hiyo.

Wapo pia wanaojua maana ya deni lililopoteza ukingo. Wahitimu waliosomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu, ambao tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 wanakatwa asilimia 15 ya mshahara, walikaa miaka wakilipa huku tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikiendelea kuongezeka juu ya salio. Mtu anafungua taarifa yake akijua amekatwa mwaka mzima, anakuta deni halijasogea. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na wengi walipumua. Kilichowachosha zaidi ilikuwa kulipa bila kuuona mwisho. Mwalimu wetu yeye alikuwa na mwisho wa kuungoja, na ukumbi umeusogeza.

Najua fedha za chama ni akiba za watu, wakiwemo wajane wanaosubiri zamu yao ya kukopa, na ndiyo maana sitaki rejesho liguswe hata senti. Najua wapo wadaiwa wanaoficha mapato, na hao wafuatwe kwa ushahidi. Najua shilingi ya mwaka wa tatu hainunui kinachonunuliwa na ya leo, nayo riba imeshalihesabu hilo.

Ila kuna jibu moja linalonikera kuliko yote, nalo ndilo lililosemwa siku ile, likarudiwa mlangoni wakati watu wanatoka: "Dawa ya deni ni kulipa." Huwa linasemwa kama nyundo ya hakimu, na baada yake hakuna anayetakiwa kufikiri. Ukisema mtu amelipa, unajibiwa alipe zaidi. Ukisema ameumia, unajibiwa amalize, maumivu yatakwisha.

Methali yenyewe siikatai. Lakini dawa ina dozi. Ukiandikiwa kidonge kimoja kutwa mara tatu, ukameza pakiti nzima asubuhi, utaibua ugonjwa wa pili. Rejesho la 180,000 ndilo dozi waliyokubaliana watu wazima wawili baada ya kuangalia slipu ya mshahara, kodi ya nyumba na ada za watoto. Anayesema "lipa zaidi" bila kuiangalia tena slipu ile hana habari na dawa.

Tufanye basi hesabu wanayoikwepa. Shilingi 180,000 kwa mwezi ni shilingi 6,000 kwa siku. Sare ya 35,000 haifiki siku sita za mpango wa miaka mitatu. Mwalimu angebaki nyumbani siku ya harusi na kila senti ya sare ingeingia chamani, deni lingekwisha chini ya wiki moja mapema. Nani kati ya waliopiga makofi angeziona siku hizo sita? Chama kingezifanyia nini?

Halafu, sare si pambo. Anayejua mtaa wa Kiswahili unavyoendeshwa anajua kwamba kadi ya mchango, sare, na kukaa jikoni usiku wa kuamkia shughuli ni malipo pia. Ni deni lisilo na daftari wala riba, lakini siku yako ikifika ndilo linalojaza uwanja wako watu, mikeka na masufuria. Jirani aliyeoza binti yake ndiye aliyempakia mtoto wa mwalimu huyu kwenye bajaji saa nane usiku kumkimbiza hospitali. Kumwambia asimvalie sare ni kumwambia avunje deni la pili ili alipe haraka lile la kwanza, ambalo tayari analilipa kwa wakati.

Akilivunja, nini kinafuata? Siku mtoto atakapougua tena na mlango wa jirani ukawa mzito, atakwenda kwa kausha damu. Wasomaji wengi wanawajua hawa wakopeshaji. Anakupa laki mbili palepale, hana maswali, ila kadi yako ya benki anabaki nayo, na namba ya siri ameiandika. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayesimama kwenye mashine ya kutolea fedha akiwa na kadi kadhaa mkononi, kila moja na karatasi yake. Anatoa chake kwanza. Wewe unasubiri pembeni kwenye kivuli, ukabidhiwe kinachobaki kwenye mshahara wako mwenyewe. Mtu aliyefikishwa hapo hakufikishwa na kitenge. Mara nyingi alikuwa amekosa mahali pa kukopa bila kudhalilishwa.

Kwa hiyo waliopiga makofi walipata nini, ikiwa siku sita hawazihitaji na nidhamu ya fedha haikuongezeka? Mwanafalsafa Nietzsche, katika kitabu chake cha mwaka 1887 kuhusu chimbuko la maadili, alitoa jibu ambalo nisingependa liwe kweli: kwamba tangu kale mdai aliyekosa fedha yake aliruhusiwa kujilipa kwa raha ya kumuona mdaiwa akiteseka. Alitaja sheria za kale za Warumi, zile Mbao Kumi na Mbili, zilizoruhusu wadai kumkata mdaiwa vipande. Hatukati watu vipande. Lakini chama kimelipwa fedha yake yote ya miezi iliyopita, kisha kikataka na aibu juu yake. Aibu haiingii kwenye hesabu za mweka hazina, na haipunguzi salio. Mwalimu ametozwa malipo ambayo hayatambuliwi popote kwamba ameyalipa.

Na sisi kama taifa tulikataa kutendewa hivyo. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza hadharani kama tuwaache watu wetu wafe njaa ili tulipe madeni ya nje. Mwaka 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini. Miaka yote hiyo tuliendelea kusherehekea Desemba 9, tukapeleka timu michezoni, tukazika viongozi wetu kwa heshima. Tuliamini kwamba nchi inayodaiwa bado ni nchi. Sijasikia hoja inayoonyesha kwa nini imani hiyo isimfikie mwalimu wa darasa la tatu.

Kila nikifika hapa nakumbuka mikarafuu ya Unguja na Pemba, kwa sababu mpango mmoja mkubwa wa madeni katika pwani yetu ulifanyika kule. Mkarafuu hutaka miaka kadhaa kabla haujazaa, na ukishaanza kuzaa, msimu mmoja hufurika na unaofuata hukosa. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa rehani ya shamba, au ya mavuno ambayo bado yako mtini. Bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, mashamba yakawa yanaelekea mikononi mwa wadai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikaweka amri za kuzuia ardhi isihamishwe na za kusimamisha kwa muda udai wa madeni, na mwaka 1938 ikaja sheria ya kuyasuluhisha. Katikati yake, India ilisusia karafuu za Zanzibar. Mgogoro wa karafuu ukavuka Bahari ya Hindi.

Kinachonivuta zaidi ni maelezo waliyopenda maofisa wa wakati ule: kwamba wenye mashamba wamezama kwa sababu ya ubadhirifu, harusi, matanga na sikukuu. Lakini bei ya karafuu katika soko la dunia haikuanguka kwa sababu ya pilau ya Idd. Shutuma ni ileile iliyotolewa ukumbini kwetu, na kazi yake ni ileile: kuyaondoa macho kwenye bei, riba na mshahara, kuyaelekeza kwenye nguo. Na kuna jambo jingine. Mpango ule ulimlinda mwenye shamba. Wachumaji waliopanda mitini, nao wakiwa na madeni yao madogo madogo dukani, hawakuwa na rehani ya kuwekewa amri. Leo pia mpango wa marejesho ni wa mwenye slipu. Mama lishe anayefuatwa kila jioni na mtu wa kausha damu, rejesho la siku mkononi, hana theluthi anayolindiwa. Nikisema kinachobaki baada ya rejesho ni cha mdaiwa, nakuwa nimeshachagua kumzungumzia yule anayebakiwa na kitu.

Dini zilizolea pwani hii hazikuliacha suala hili hewani. Qur'ani inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahili zaka. Nazo hizohizo zinalichukulia deni kwa uzito mkubwa: mazikoni, kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Muda na uzito vinakwenda pamoja. Ukumbi wetu ulishika uzito ukaacha muda.

Hata hivyo kuna mtu mmoja ambaye hoja zangu hazimtoshi, naye siku ile alipiga makofi. Ni mdhamini wa mwalimu. Akiba zake zimeshikiliwa mpaka mkopo ule uishe. Mwanawe amefaulu kuendelea na masomo, na yeye mwenyewe hawezi kukopa chamani. Hakula fedha ile wala hakuvaa kitenge. Nikimwambia kwamba mwalimu analipa kwa wakati, atakubali. Nikimwambia kwamba 35,000 zile zilikuwa za mwalimu kwa haki, huenda akakubali pia, halafu akaniuliza kwa nini theluthi ya mdaiwa inalindwa na sheria ilhali kungoja kwake yeye hakulindwi na yeyote. Chama kingeweza kumwachia akiba zake kidogo kidogo kadiri deni linavyopungua, lakini basi wajane niliowapitisha kwa nusu sentensi wangerudi na swali lao, na safari hii wangestahili zaidi ya nusu sentensi. Dhidi ya makofi ya ukumbi nina hakika na nilichosema. Mbele ya mdhamini, hoja yangu inamtetea mwalimu na bado haina cha kumpa yeye.