Manufaa ya Wengi si Manufaa ya Wote

Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kuichukia barabara. Yeyote aliyepata kukaa katika mtaa uliosahauliwa na mji ajua mateso ya kukosa njia. Moto ukizuka usiku, gari la zimamoto hukomea mbali, na majirani hubaki kuhangaika na ndoo za maji. Mama akishikwa na uchungu, hubebwa juu ya mkokoteni mpaka mahali gari liwezapo kufika. Choo kikijaa, gari la kunyonya maji taka halipati pa kupita. Basi mvua kubwa ikinyesha, wengine hukifungulia kiende na maji, na watoto wa jirani huugua. Hata marehemu hutolewa kwa mabega katika vichochoro, jeneza likiinamishwa huku na huku. Lakini njia ikipatikana, bomba la maji, mfereji na nguzo ya umeme hufuata nyuma yake.

Kwa hiyo wakubwa wa mji wasemapo ya kuwa wataka kupitisha barabara katika mtaa fulani ili kuuinua, twaona neno lao ni jema. Lakini lipo swali moja lisilojibiwa kwa kamba ya mpimaji wala kwa kalamu ya mhasibu. Barabara haina budi kupita mahali, na mahali hapo pana watu. Je, ni haki mmoja apoteze nyumba ili elfu wapate njia?

Wengi hujibu upesi: ni haki, kwa kuwa elfu ni zaidi ya mmoja. Nasi twakiri ya kuwa hakuna mji uliopata kujengwa pasipo mtu yeyote kusogea. Mtu mmoja akipewa uwezo wa kuwafungia njia wenzake wote, mji hauwezi kuwapo. Walakini kosa limejificha katika neno moja. Twasema “manufaa ya wote”, nasi moyoni twakusudia manufaa ya wengi. Hayo ni mambo mawili. Manufaa ya wengi hupatikana kwa kuhesabu tu: hawa wamepata, wale wamekosa, waliopata wamezidi, basi yaishe. Manufaa ya wote hayakubali kumwacha mtu nje ya hesabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha ya kuwa manufaa hayo ni zile hali za maisha zinazoviwezesha vikundi vya watu, na kila mtu ndani yake, kuufikia ukamilifu wao. Kila mtu, si walio wengi tu.

Tutazame mfano mmoja. Huko Nairobi uko mtaa wa Kibera, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 na askari wa Kinubi waliopewa kukaa pale. Kwa miaka mingi watu wake waliishi bila hati. Mwaka 2017 jamaa ya Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Wakazi wengine, walio wengi mno, walibaki kama walivyokuwa. Ikapangwa barabara ya kukata katikati ya mtaa huo, iunganishe Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, ipunguze msongamano wa magari. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yakaingia. Makao ya maelfu ya watu yakabomolewa, na shule za watoto pamoja nayo, hali kazi ya kuwaorodhesha wakazi na kupanga watakakohamia ilikuwa bado haijakamilika. Barabara ikajengwa, na leo magari hupita. Wako wanaofika kazini mapema kwa sababu yake, nao si wenye kosa. Lakini waliolala nje usiku ule wa Julai hawakuwa na sehemu katika hesabu ya faida, ingawa mtaa uliokuwa ukiinuliwa ulikuwa wao.

Tusiwanyoshee majirani zetu kidole. Nasi mwaka 2017 tuliona nyumba nyingi zikibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wala nchi tajiri hazikusalimika. Katika mji wa New York, mwishoni mwa mwaka 1952, familia zipatazo 1,500 za East Tremont, katika Bronx, ziliandikiwa barua ziondoke kuipisha barabara kuu. Wakazi walionyesha njia nyingine iliyo karibu, pembeni ya bustani ya Crotona, ambayo ingeziokoa karibu nyumba zote. Hawakusikilizwa. Barabara ilipita, na mtaa uliobaki kandokando yake ukazidi kuharibika mwaka hata mwaka.

Labda msomaji atasema: walipwe fidia, na neno liishe. Fidia ni haki, wala haina mjadala. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka iwe kamili, ya haki na ya upesi. Na kanuni zake zahesabu si thamani ya nyumba tu, bali pia usumbufu, gharama ya kusafirisha mizigo, na kodi ya makazi ya miezi 36. Hayo ni mema yakitimizwa. Lakini tuangalie ni nani apokeaye. Mwenye nyumba aliyepanga vyumba sita huitwa, hupigwa picha mbele ya ukuta wake, hutia sahihi. Jamaa sita walio ndani ya vyumba hivyo, walipao kodi mwezi kwa mwezi, mara nyingi huambiwa tu siku ya kutoka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 40, imefungua mlango wa kuwalipa hata wakaaji wa nia njema wasio na hati. Huo ni mlango mzuri. Lakini mlango uliofunguliwa katika kitabu tu haumwingizi mtu ndani.

Tena liko jambo lisiloandikwa katika fomu yoyote. Maskini wa mjini huishi kwa ukaribu. Hana akiba benki. Akiba yake ni mwenye duka amkopeshaye unga mpaka Jumamosi, na jirani amwangaliaye mtoto wakati yeye yuko kazini. Huenda kazini kwa miguu, na nauli asiyolipa ndiyo ada ya shule. Mama ntilie aliyekaa pembe moja kwa miaka kumi ana wateja wamjuao kwa jina. Mhamishe kilomita 20, umpe hata bati jipya, naye ataanza kama mgeni. Na wale ambao nyumba zao hazikuguswa? Lami ikikauka, kodi hupanda. Mwaka haupiti, na mpangaji aliyeishangilia barabara hufunga virago kwa kushindwa kukaa kando yake. Hapo mtaa umeinuka kweli, lakini watu wake wameondoka, na wengine wamekuja kuishi katika ufanisi ulioahidiwa wao.

Ndiyo sababu twasema: anayeitoa nyumba yake kwa ajili ya njia ya watu wote si kizuizi kilichoondolewa. Ni mdai. Mji mzima umekopa kwake, na kila apitaye katika lami ile, nasi tukiwamo ndani ya basi au juu ya baiskeli, amepanda juu ya mkopo huo. Deni halifutwi kwa kuwa wadaiwa ni wengi na mdai ni mmoja. Kinyume chake, wengi wakigawana deni la mmoja, kila mmoja hutoa kidogo tu. Ni aibu gani basi kushindwa kulilipa!

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili. Katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 alifundisha ya kuwa, ikiwa maskini hawana budi kuhamishwa, wapewe habari mapema, waonyeshwe makao ya heshima wayachague, na wenyewe washirikishwe katika shauri hilo, ili mateso yasiongezwe juu ya mateso. Novemba mwaka huo huo aliwatembelea watu wa Kangemi, mtaa wa maskini huko Nairobi, akazungumza nao juu ya ardhi, makao na maji.

Wala mafundisho hayo si ndoto. Katika mtaa wa Hana Nasif, Kinondoni, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, wakazi walishirikishwa kupanga na kujenga mifereji na njia za mtaa wao, na wengi, wanaume kwa wanawake, walilipwa ujira kwa kazi ya mikono yao. Mafuriko yaliyokuwa yakiwasumbua yalipungua. Mtu aliyechimba mfereji hatupi taka ndani yake kwa wepesi.

Kila mmoja ana wajibu wake. Wenye mamlaka wawaorodheshe wapangaji pamoja na wenye nyumba, walipe kabla tingatinga halijawashwa, na waitafute kwanza njia iharibuyo nyumba chache, hata ikiwa ndefu kidogo. Wenye nyumba wasiifanye lami ya watu wote kuwa kisingizio cha kuwafukuza waliowalipa kodi nyakati za matope. Naye mkazi asijenge ukuta mpya usiku baada ya kuona alama za wapimaji, ili alipwe asichostahili. Huo ni wizi, nao huwanyang'anya wenzake wenye shida ya kweli.

Siku ya kuifungua barabara, utepe hukatwa, na picha huchukuliwa. Twawaomba wakubwa watakaosimama pale, kabla ya kushika mkasi, waulize neno moja tu: watu waliokuwa wakikaa mahali hapa wako wapi leo, na wanaishije? Wakionyeshwa nyumba zao, na mama ntilie akiwa bado na wateja wake, waukate utepe kwa furaha, nasi tutashangilia pamoja nao. Ikiwa hakuna ajuaye walikokwenda, mkasi na uwekwe chini, watu hao wakatafutwe kwanza.