Mtawala na Bei ya Mkopo

Huulizwa: wenye mali wakiwakaba wakopaji, je, yampasa mtawala kuingia kati na kuweka mpaka, au awaache watu na biashara yao? Mas-ala haya si mapya. Katika zama za Mtume (s.a.w.) bei zilipanda Madina, na watu wakamtaka awapangie, akakataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa yupo mtu amdaiye dhulma. Tena Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, alieleza kwamba bei ikipanda kwa uchache wa vitu haifai kuwalazimisha wauzaji. Ama wakidhulumu, hapo mtawala ana haki ya kuwarudisha kwenye bei ya uadilifu.

Basi na tuyatazame yaliyopita Kenya. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria kwamba benki zisitoze riba ipitayo kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Kiwango kile mwishoni mwa Septemba kilikuwa 10, basi ukomo ukawa 14. Riba ni haramu, iwe 14 au 1, na hilo halina mjadala. Tulitazamalo hapa ni hali ya mnyonge baada ya sheria ile.

Watu walifurahi, na haki yao. Lakini hapana aliyeilazimisha benki kumkopesha mtu. Benki ikaona kuwa kumpa muuza samaki kwa 14 ni hatari, na kuikopesha Serikali ni salama. Muuza samaki akarudishwa. Akaenda wapi? Simu yake, ambayo tangu M-Pesa ya mwaka 2007 imekuwa ndiyo mfuko wa fedha, ilimfikisha kwa wakopeshaji ambao sheria ile haikuwagusa. Hao walitoza kwa mwezi kiasi ambacho, kikihesabiwa kwa mwaka, chaupita mpaka wa benki mara nyingi. Na asiyelipa, baadhi yao waliwapigia simu jamaa zake ili aaibike.

Novemba 2019 mpaka ule ukaondolewa. Wako waliosema: mwaona, mtawala asiingie sokoni! Sisi hatukubali. Aliyefunga mlango mmoja asitazame watu watatokea wapi, hakukosea kwa kufunga. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wale wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa katika daftari za mikopo, na ikakataza mtu kuandikwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Na sheria ya mwaka 2021 ikawataka wachukue leseni. Hapo bei haikupangwa, bali mtu alikingwa palipomuuma.

Na kuzuia si kazi yote ya mtawala. Mwaka 2008 benki mbili za Kiislamu zilianza kazi Kenya kwa leseni ya Benki Kuu, nao ni mlango uliofunguliwa. Lakini nazo zikimtaka muuza samaki hati ya shamba asilokuwa nalo, atarudi kwenye simu ile ile, na leseni zao hazitamsaidia kitu.