Kunyamaza na Kusikiliza

Hapa Kengeja hudhaniwa kwamba kijana anyamazaye barazani mzee asemapo ndiye asikilizaye. Sivyo sikuzote. Socrates wa Athene, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo, alisikiliza kwa kuuliza, na swali lake lilizaliwa na jibu lililotangulia. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias, Callicles alichoka, akakataa kujibu. Socrates akajijibu mwenyewe. Maneno yaliendelea, mazungumzo yalikufa.

Wengi huona kumwuliza mzee ni utovu wa adabu. Mimi naona ni heshima. Huko Kenya, katika miaka ya 1970, Profesa Odera Oruka aliwaendea wazee wa vijijini, akawauliza sababu za mafundisho yao. Wengine walirudia tu ya mababu. Wachache waliyapima, hata wakayapinga. Asingaliwauliza, angaliwatambuaje?